Gari linakula oili: mafundi watatu, majibu matatu

SWALI

Habari za kazi, kaka fundi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Iringa na mume wangu ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana nilichukua mkopo kwenye SACCOS yetu, mume wangu akaongezea, tukanunua SUV ya mtumba Dar es Salaam kwa shilingi milioni 19. Ni gari la mwaka 2006 lililotoka Japani, injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.4, gia otomatiki. Dashibodi ilisoma kilomita 98,000. Fundi tuliyekwenda naye aliliwasha, akasikiliza, akazunguka nalo mtaani, akasema injini iko safi. Kweli lilikuwa kimya, na lilipigwa polishi mpaka chini ya boneti.

Miezi ya kwanza hatukuona kitu, kwa kuwa lilikuwa gari la kwenda shule, sokoni na kanisani. Likizo ilipofika tukateremka nalo Dar. Kwenye kona za Kitonga taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka na kuzima. Tulipofika chini mume wangu akasimama, akachomoa kijiti cha kupimia, kikatoka kikavu kabisa. Tukanunua oili Ruaha Mbuyuni, zikaingia zaidi ya lita mbili ndipo kijiti kikasoma sawa, na taa haikuwaka tena.

Tangu hapo naangalia kila mara. Safari ya Dar kwenda na kurudi inakula lita moja, pengine na zaidi kidogo. Pale ninapoegesha nyumbani ni saruji, na hakuna tone hata moja. Asubuhi nikiwasha linatoa moshi wa bluu kwa muda mfupi, kisha unakata. Tukimaliza mteremko mrefu na mume wangu akakanyaga mafuta tena, wanaotufuata nyuma wanafunikwa na wingu. Nguvu halijapoteza, halichemshi, maji ya rejeta hayapungui.

Nimewaona mafundi watatu hapa mjini. Wa kwanza anasema tufungue injini abadilishe ringi, milioni moja na laki nane pamoja na ufundi. Wa pili anasema kufungua ni kupoteza hela, niagize injini ya mtumba Dar, kwa milioni tatu na laki mbili itakuwa imefungwa na gari linatembea. Wa tatu aliniambia kwa sauti ya chini niweke oili nzito na chupa ya dawa ya kuzuia moshi, niliuze mapema. Hakuna kati yao aliyeshika kifaa chochote cha kupimia. Wote walisikiliza tu na kutazama moshi.

Shemeji yangu amelishika hilo la tatu na tayari ana mnunuzi: nesi mmoja mstaafu wa hapa hapa Iringa aliyepata kiinua mgongo chake, anatafuta gari la kwendea shambani. Shemeji anasema na sisi tuliuziwa hivyo hivyo, kwa nini tubaki na hasara peke yetu. Mume wangu anasema niamue mimi kwa kuwa mkopo uko kwa jina langu, na tangu aseme hivyo hatuliongelei gari hili nyumbani. Mwalimu mwenzangu ana gari kama hili, la mwaka unaokaribiana, naye linakula oili, kwa hiyo najiuliza pia kama huu ni ugonjwa wa magari haya yote au nimebahatisha bovu.

Nisaidie, kaka. Nifungue, nibadilishe injini, au niuze?

Mwalimu, Iringa

JIBU

Kamwene, dada yangu. Jina la kampuni ya gari na la yadi mliyonunulia nimeyaondoa kwenye barua yako. Dalili ulizoeleza zinakutana na injini za watengenezaji wengi wa miaka hiyo, na ninachokujibu kitamfaa hata mwenye gari la jina jingine.

Sentensi iliyonishika kuliko zote ni ile ya kwamba hakuna fundi aliyeshika kifaa cha kupimia. Umetajiwa milioni moja na laki nane, ukatajiwa milioni tatu na laki mbili, kwa sikio na macho tu. Jibu langu kwa maswali yako yote matatu linaanzia hapo. Usifungue, usibadilishe na usiuze mpaka injini hiyo ipimwe na majibu yaandikwe kwenye karatasi. Kupima kote ninakokueleza hapa ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ya fundi wa kwanza.

Kabla ya vipimo nizungumzie ile taa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kuiua injini yako wiki hii wakati bado tunashauriana. Taa nyekundu ya oili haipimi wingi wa oili. Inapima presha. Alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kwa magari mengi zimetenganishwa na kama lita moja hivi, na taa haitawaka kwa sababu tu umefika alama ya chini. Itawaka pale pampu inapovuta hewa badala ya oili, na hilo hutokea kwanza kwenye kona na miteremko, oili kidogo iliyobaki inapokimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndicho kilichokukuta Kitonga. Kila taa ilipowaka, bearing za krenki na za konrodi, vyuma vinavyobeba mwendo wa pistoni, zilikuwa zinazunguka karibu kavu. Hapo ndipo injini hunoki, yaani bearing zinalika na injini inaanza kugonga, na injini iliyonoki hairudishwi na ringi. Kwa hiyo chomoa kijiti kila Jumamosi, na kila unapojaza mafuta ukiwa safarini. Gari liwe limesimama sawa na injini imezimwa dakika kama kumi. Weka chupa ya lita moja ya oili ya aina ile ile kwenye buti. Na ile taa ikiwaka tena barabarani, zima injini pale pale penye usalama, hata kama umebakiza kilomita moja kufika kituoni.

Sasa tuione injini yenyewe. Oili ya injini ya petroli isiyo na turbo ina njia chache za kupotelea. Inavuja nje, inavutwa na mfumo wa kupumulia injini, inapita kwenye sili za valvu (vipira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu), au inapita kwenye ringi za pistoni. Kuvuja umekuangalia kwenye saruji, lakini kuna uvujaji unaotokea injini ikiwa ya moto na presha iko juu tu, ukaishia kukaukia kwenye ekzosi. Mwambie fundi aoshe injini chini na ubavuni, mwende nayo mpaka Mafinga na kurudi, kisha alale chini na tochi. Kazi hiyo haihitaji hela ya kutajwa.

Ya pili ndiyo wengi wanairuka. Kuna valvu ndogo inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa, mafundi wa vipimo wanaiita PCV. Ikiganda ikiwa wazi, inafyonza oili pamoja na mvuke na kuipeleka kuungua. Ikiziba, presha inajaa ndani na kuisukuma oili popote penye upenyo. Fundi aichomoe, aitikise karibu na sikio: iliyo nzima kwa kawaida inasikika ikicheza ndani. Afungue na bomba la hewa linaloingia kwenye injini aone kama lina dimbwi la oili. Kipuri hiki si cha bei kubwa, na nimeona watu wakifungua injini nzima huku chenyewe kimekaa pale kimeganda.

Moshi wako unaeleza jambo, na nakushukuru kwa kuueleza vizuri namna hiyo. Bluu ni oili inayoungua. Ungekuwa mweusi tungesema petroli imezidi. Ungekuwa mweupe usiokata hata injini ikipata moto, tungeenda kutafuta maji yanayopita kwenye gasketi. Bluu ya asubuhi inayokata mapema, pamoja na wingu baada ya mteremko, zote zinaelekea kwenye sili za valvu. Gari likilala, oili iliyobaki juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, inachuruzika taratibu kupitia sili zilizokauka na kungoja huko chini mpaka uwashe. Ukishuka Kitonga kwa gia bila kukanyaga mafuta, injini inafyonza kwa nguvu sana, na kinachofyonzwa ni pamoja na oili ya juu. Ukikanyaga, inatoka yote kwa mara moja. Ringi zilizochoka kabisa kwa kawaida hutoa moshi unapopanda mlima na gari limebeba mzigo. Hilo hukulitaja. Mwombe mume wako akae kwenye gari la nyuma siku moja mnapopanda, akuambie anaona nini.

Lakini sili peke yake mara nyingi hazifikishi lita moja kwa kilomita 1,000, na Iringa kwenda Dar na kurudi ni karibu kilomita 1,000. Hapa nina mashaka ya pili, nayo ni ringi za oili zilizoganda. Pistoni ina ringi za juu za kushika kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na ya chini ya kukwangua oili ukutani mwa silinda. Miaka ile watengenezaji wengi walilegeza mkazo wa ringi ili kupunguza msuguano na kuokoa petroli, na baadhi ya pistoni zilikuwa na vitundu vidogo vya kurudishia oili. Kaboni ikijaa kwenye vitundu hivyo, ringi ya oili inagandia kwenye mfereji wake, haikwangui tena. Matumizi ya awali ya gari yanachangia. Vitabu vingi vya magari kwa soko la Japani vinaruhusu kubadilisha oili kila kilomita 15,000 katika matumizi ya kawaida, na nusu ya hapo katika matumizi magumu. Safari fupi za foleni za mjini ni matumizi magumu, na si kila mwenye gari anaisoma aya hiyo. Wewe kwa vumbi na milima ya Iringa badilisha kila kilomita 5,000, usisubiri zaidi.

Ringi ya oili ikiganda, ringi za kompresheni zinaweza kuwa nzima. Ndiyo maana nguvu hujapoteza, na ndiyo maana fundi mliyekwenda naye yadi alisikia injini tulivu. Hakukosea alichosikia. Injini ya namna hii inaweza kula oili huku ikinguruma vizuri kabisa.

Lipeleke gari kwa fundi mwenye geji ya kompresheni, umwombe apime mbele yako. Injini iwe na moto, plagi zote nne zichomolewe, umeme wa plagi na petroli vikatwe, betri iwe imejaa, na pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini wakati wa kupima. Asipokanyaga, namba zitakuwa ndogo bure na atakuambia injini imekufa. Kuna jambo jingine la kwenu huko juu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ndogo kuliko ya Dar kwa karibu sehemu moja ya sita. Kitabu kikisema silinda isome psi 180, kwenu itasoma karibu 150 na itakuwa nzima. Dada yangu, kuna watu wa nyanda za juu waliofungua injini zisizo na kosa kwa sababu geji ilisoma tofauti na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikisoma 150, 147, 152 na 148, ziko pamoja. Moja ikishuka mpaka 110 wakati wenzake wako 150, hapo kuna jambo. Kwa hiyo ya chini, amwage kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi apime tena: ikipanda, ringi, isipopanda, valvu au gasketi.

Ukipata fundi mwenye ile kamera nyembamba ya kuchungulia kupitia tundu la plagi, mlipe. Ukuta wa silinda nzima bado una mistari ya kukatana iliyochorwa kiwandani. Ukiona mistari hiyo inaonekana na juu ya pistoni kumejaa kaboni yenye unyevu wa oili, hadithi ya ringi iliyoganda inakamilika. Ukiona mikwaruzo ya kusimama inayoshika mwanga, ukuta umeumia na ringi mpya hazitasaidia.

Wakati huo huo pima unywaji wa oili wenyewe. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, na kila unachoongeza kiandikwe kwa mililita mpaka kilomita 1,000 zitimie. Usikadirie. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji vinakubali mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 kama kikomo cha juu, jambo ambalo wenye magari wengi hawalipendi, na mimi silipendi pia. Ila ina maana kwamba gari lako liko ukingoni, halijafa.

Twende kwa mafundi wako. Wa kwanza anaweza kuwa sahihi, lakini ametaja ringi bila kutaja silinda. Kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyopanuka au iliyong'aa kama kioo ni kurudi kwake baada ya miezi michache na malalamiko yale yale. Mwulize atapima upana wa silinda kwa kifaa gani, na atapeleka silinda hedi wapi kupimwa unyoofu. Mwulize pia kuhusu bolti za hedi. Kwenye injini nyingi za kisasa zinavutika zikikazwa na hazirudishwi mara ya pili, na kwenye bloku za alumini nyuzi za bolti zinaweza kung'oka, ukaanza ugonjwa wa kuchemsha ambao leo huna. Akijibu kwa utulivu na kukuonyesha vifaa, huyo ni fundi. Akikasirika kwa kuulizwa, chukua ufunguo wako uondoke.

Ikionekana ni sili za valvu tu, zinaweza kubadilishwa bila kung'oa silinda hedi. Hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi, inazishikilia valvu zisidondoke, na sili zinatolewa kwa juu moja baada ya nyingine. Inataka subira na mkono mtulivu. Ikionekana ni ringi zilizoganda na silinda ni nzima, jaribu kwanza kuloweka. Dawa ya kuyeyusha kaboni inamiminwa kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi na kuachwa usiku mzima. Haifanikiwi kwa kila gari, na siwezi kukuahidi. Asubuhi, kabla plagi hazijarudishwa, injini izungushwe ili dawa yote itoke kwa juu. Dawa ni kimiminika na haibanwi. Ikibaki ndani na plagi zikafungwa, inapinda konrodi. Kisha oili na filta vibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla hamjaenda popote.

Fundi wa pili, wa injini ya mtumba. Simpingi moja kwa moja, kwa sababu kuna hali ambayo ushauri wake ndio wa busara, yaani ukuta wa silinda ukiwa umeumia. Lakini injini utakayoletewa ni ya aina ile ile, ya miaka ile ile, imetoka kwenye gari ambalo historia yake hutaiona. Inaweza kuwa na ringi zilizoganda kuliko zako. Ukifika huko, idai ipimwe kompresheni kabla ya kulipa, uandikiwe siku za dhamana kwenye risiti, na ukumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ikibadilika, taarifa zirekebishwe TRA, la sivyo utateseka siku ya kuhamisha umiliki.

Wa tatu. Oili nzito kama 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 inapunguza moshi kwa muda, hiyo ni kweli. Ila asubuhi ya baridi ya Iringa inachelewa kufika juu, kwenye valvu na kwenye kikaza cheni kinachotegemea presha ya oili. Kitabu chako kikiruhusu 10W-40 kwa joto la huku kwetu, unaweza kupanda mpaka hapo ukaona tofauti. Usiende mbali zaidi. Na kuna madhara yanayosahauliwa: majivu ya oili inayoungua yanaziba kichujio cha moshi kwenye ekzosi na kuharibu sensa, kwa hiyo hata gari linaloendeshwa vizuri usiliache linywe oili miaka mingi.

Umeuliza kama ni magari yote. Si yote, lakini hukubahatisha bovu peke yako. Injini zina magonjwa yake ya kizazi. Mfano ulioandikwa vizuri ni wa Marekani, ambako wenye magari wanapeleka malalamiko kwenye mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA. Mwaka 2015 Hyundai iliita Sonata za 2011 na 2012 zirejeshwe kwa marekebisho kwa sababu vipande vya chuma vilivyobaki kwenye njia za oili za krenki tangu kiwandani vilikuwa vinazuia oili kufika kwenye bearing. Mwaka 2017 wito ukapanuliwa mpaka kwenye SUV, Santa Fe Sport pamoja na Kia Sorento na Sportage. Mwaka 2020 kampuni hizo mbili zikakubali adhabu zilizofikia dola milioni 210 kwa kuchelewa kuita magari hayo. Tatizo lako ni la aina nyingine kabisa. Nakutajia hilo kwa sababu ya karatasi: kilomita, tarehe, kiasi cha oili, risiti. Kaa na mwalimu mwenzako, muandike kila mmoja daftari lake. Watengenezaji wa Japani nao wana tovuti ambako ukiingiza namba ya chesisi unaona kama gari lina wito wa marekebisho. Ni za Kijapani, lakini simu inatafsiri. Ile karatasi ya mnada wa Japani nayo hupatikana kwa namba ya chesisi kwa malipo kidogo, na itakuonyesha kama kweli gari liliondoka huko na kilomita chini ya 98,000.

Nimebakiza nesi.

Dada yangu, usimuuzie hivyo. Umeniandikia kwa sababu tayari moyo wako umekataa, na mimi niko upande wa moyo wako. Huyu mama atakwenda shambani peke yake, hatajua kuchomoa kijiti, na taa itakapowaka atadhani ni taa kama taa nyingine. Injini itanoki mikononi mwake, na kiinua mgongo ni hela inayokuja mara moja. Shemeji yako anasema nanyi mliuziwa hivyo. Inawezekana, lakini aliyewauzia si huyu nesi. Sheria nayo haiko upande wa shemeji: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa udanganyifu, na mnunuzi aliyedanganywa ana haki ya kuuvunja mkataba. Iringa ni mji mdogo, mafundi watatu tayari wanalijua gari lako, na mmoja wao ndiye aliyekushauri kulificha. Kwa yule aliyewauzia ninyi mlango ni huo huo, ila mzigo wa kuthibitisha kwamba alijua uko kwenu, na miezi kadhaa imepita. Ukitaka kuujaribu, nenda Tume ya Ushindani, FCC, na nyaraka zako zote, upate ushauri kabla ya kulipa wakili.

Kama unataka kuuza, uza kwa uwazi. Mwonyeshe nesi au mwingine yeyote vipimo vya kompresheni na daftari la oili, umwambie kinachohitajika na kinagharimu kiasi gani, mshushe bei kwa kiasi hicho, na muandike kwenye mkataba kwamba ameambiwa. Wanunuzi wa namna hiyo wapo, hasa mafundi wenyewe.

Na mume wako. Mkopo uko kwa jina lako, lakini gari mlilichagua wote na fundi wa yadi mlikwenda naye wote. Usiende kupima peke yako. Mwambie unamhitaji kwa kazi hii: mmoja ashike geji, mwingine akanyage pedali, kisha mwende Mafinga na kurudi. Nadhani amenyamaza kwa sababu anaogopa hela, na namba zilizoandikwa huwapa watu wawili kitu cha kuongelea kuliko wingu la moshi.

Ukishapata vipimo vinne vya kompresheni, hali ya ile valvu ya PCV na mililita za kilomita 1,000, niandikie tena. Taja na aina ya oili iliyomo sasa hivi. Kama hujui iliyowekwa yadi, imwage yote, badilisha na filta, uanze kuhesabu na oili unayoijua.